Kisanga cha Likasi: Lugha Iliyofanywa Shahidi

1.0 Utangulizi

Msomaji anayefungua kamusi ya Kiswahili sanifu kutafuta neno kisanga hupata maana ya mkasa, yaani tukio la ajabu au balaa. Msomaji wa Likasi anaposikia neno hilo hufikiria jambo jingine kabisa: lugha ya Basanga, wenyeji wa nchi iliyo baina ya Likasi, Kambove, Lubudi na Kolwezi. Maneno haya mawili yamekutana kwa sura tu. Lakini mkutano huo unaeleza hali ilivyo. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kusoma Likasi miaka yote ya shule, akapata shahada yake ya kwanza, na asiwahi kufundishwa kwamba Kisanga ni jina la lugha inayosemwa katika vijiji vinavyouzunguka mji anaosomea.

Makala haya yanahakiki namna lugha hiyo ilivyoshughulikiwa katika maandishi ya aina mbili: vitabu vya wamisionari, ambavyo ndivyo vilivyoipa maandishi, na tafiti za wanaisimu kuhusu Kiswahili cha Katanga, ambazo huitaja kila zinapotafuta chanzo cha tofauti baina ya Kiswahili hicho na kile cha pwani. Hoja kuu ni kwamba katika maandishi hayo Kisanga kimeitwa mara nyingi kutoa ushahidi juu ya mambo ya wengine, na ni mara chache sana kimehojiwa juu ya mambo yake chenyewe. Matokeo yake ni hasara kwa Kisanga, na, kama itakavyoonyeshwa, ni hasara kwa taaluma ya Kiswahili pia.

Msingi wa uhakiki huu umetolewa na mzaliwa wa mji huu huu. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 wakati Likasi ikiitwa Jadotville, na aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika The Invention of Africa (1988) kwamba elimu juu ya Afrika imejengwa juu ya rundo la maandishi alilolipa jina la maktaba ya kikoloni: taarifa za wasafiri, wamisionari na watawala ambazo hata Mwafrika anayezipinga hulazimika kuzitumia. Swali linaloulizwa hapa ni dogo kuliko lile la Mudimbe, lakini ni la aina moja nalo: Kisanga kimewekwa katika rafu gani ya maktaba hiyo, na ni nani amejaribu kukitoa humo?

2.0 Jina na mwenye jina

Tatizo la kwanza ni jina. Katika maandishi ya kale lugha hii huitwa Kiluba, au Luba-Sanga, kana kwamba ni tawi tu la lugha ya jirani aliye mkubwa zaidi. Malcolm Guthrie, katika mpangilio wake wa lugha za Kibantu, aliiweka katika kundi la L.30, yaani kundi la Kiluba, lakini akaipa namba yake yenyewe, L.35, ilhali Kiluba cha Katanga kilipewa L.33. Namba hiyo si hukumu ya mwisho. Guthrie mwenyewe alipanga lugha kwa kufuata pia mahali zinaposemwa, wala hakudai kwamba kila namba ni lugha iliyotengana kabisa na nyingine. Hata hivyo namba hiyo inatosha kumkumbusha msomaji kwamba undugu wa lugha mbili haufanyi moja kuwa mali ya nyingine.

Jambo hili si la Katanga peke yake. Katika jimbo la Kaduna, kaskazini mwa Nijeria, wako watu wanaojiita Adara, ambao katika vitabu vingi wameandikwa Kadara, jina walilopewa na majirani wao wasemao Kihausa. Lugha yao ni ya tawi la Plateau, katika familia kubwa ya Benue-Kongo ambamo lugha za Kibantu zimo pia. Kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa Kisanga. Kihausa kwao ni lugha ya soko na ya mawasiliano, kama Kiswahili kilivyo Likasi. Mtafiti anayetaka kujua habari za Adara katika maktaba hulazimika kwanza kutafuta chini ya jina ambalo wenyewe hawakulichagua. Vivyo hivyo anayetafuta Kisanga hulazimika kutafuta chini ya Kiluba. Katika nchi zote mbili lugha ndogo haikunyimwa maandishi. Iliandikwa, lakini iliandikwa katika daftari la mwingine.

3.0 Bunkeya: washindi waliojifunza lugha ya walioshindwa

Kabla ya kuvihakiki vitabu, inafaa kukumbusha kwamba Kisanga hakikuwa siku zote lugha dhaifu. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyefuata njia ya biashara ya shaba, alifika katika nchi hii na kujenga dola yake, makao yake makuu yakiwa Bunkeya, ambayo leo imo katika mkoa wa Lualaba. Watu wake waliitwa Bayeke, na lugha waliyokuja nayo, Kiyeke, ilikuwa ya asili ya Kinyamwezi. Basanga walikuwa miongoni mwa waliotawaliwa, hata wakainuka dhidi ya Msiri mwaka 1891, mwaka ule ule ambao yeye aliuawa, tarehe 20 Desemba, mbele ya msafara wa Stairs.

Kwa upande wa siasa, basi, Basanga walikuwa chini. Kwa upande wa lugha mambo yalikwenda kinyume. Bayeke ndio waliochukua Kisanga kuwa lugha ya maongezi ya kila siku, na Kiyeke kikabaki kwa kiasi kikubwa katika kumbukumbu, majina na sherehe za ukoo wa watawala. Sababu haifichiki. Wageni walikuwa wachache, nao waliona wake katika nchi waliyoitawala. Msiri mwenyewe alifanya ndoa kuwa njia ya kuunganisha dola yake. Watoto wa Bunkeya walilelewa na mama wenyeji, na lugha ya mlezi ikawa lugha ya mji.

Mfano huu una uzito kwa sababu unapinga dhana iliyoenea kwamba lugha hushinda kwa nguvu ya watawala wake. Kisanga kiliishinda lugha ya mfalme bila ya jeshi. Miaka michache baadaye, katika miji ya madini, Kisanga hicho hicho kilirudi nyuma mbele ya Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati ya wafanyakazi walio wengi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami, Rodesia na Ruanda-Urundi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilifuata siasa ya kuwaweka wafanyakazi hao kambini pamoja na wake zao na watoto wao, na kuwapa shule. Katika kambi za namna hiyo mama hakuwa mwenyeji wa mahali. Mlezi wa lugha alikuwa jirani, mwalimu na msimamizi wa kazi. Tofauti ya Bunkeya na Likasi, kwa hiyo, haikutokana na ubora wa lugha moja juu ya nyingine. Ilitokana na namna nyumba zilivyojengwa na watu waliotiwa ndani yake.

4.0 Vitabu vya wamisionari

Kitabu kikubwa cha kwanza kinachohusu uhakiki huu ni tafsiri ya Biblia iliyofanywa na Dan Crawford, mmisionari wa Kiskoti aliyefika Bunkeya katika siku za mwisho za Msiri na ambaye baadaye alihamia Luanza, kando ya ziwa Mweru. Agano Jipya lilitolewa mwaka 1904, na kazi ya Biblia nzima ilimchukua hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1926. Lugha ya tafsiri hiyo ndiyo iliyojulikana kwa jina la Luba-Sanga.

Sifa ya kazi hii haiwezi kukanushwa. Kwa mara ya kwanza lugha iliyosemwa barazani kwa Msiri ilibebeshwa maandishi marefu, yenye masimulizi, sheria, mashairi na hoja, na ikayabeba. Yeyote anayedai kwamba Kisanga hakina uwezo wa kueleza mambo mazito anapaswa kujibu ushahidi huo kwanza. Lakini kasoro mbili zinajitokeza. Ya kwanza ni ile ya jina iliyokwisha kuelezwa: tafsiri iliweka Luba mbele, na Sanga ikafuata kama kiambatisho. Ya pili ni ya mahali. Lugha iliyojifunzwa Bunkeya ilikwenda kukamilishiwa kazi Luanza, mbali na wenye lugha walio wengi, kwa matumizi ya watu wa makabila mbalimbali waliokusanyika misheni. Kilichoandikwa hapo ni Kisanga kilichoanza kufanywa lugha ya wote. Si lazima kiwe ndicho kilichosemwa kijijini. Mwanaisimu anayeitumia Biblia hiyo kama kielelezo cha Kisanga cha nchi ya Likasi anapaswa kulikumbuka jambo hilo.

Kitabu cha pili ni sarufi ya Kisanga ya Hadelin Roland, mtawa wa Kibenedikto, iliyotolewa kwa Kifaransa mwaka 1937. Roland alikusanya pia hadithi arobaini za eneo la Basanga, na baadaye akaandika muhtasari wa historia ya kale ya Katanga. Hapa jina limekaa mahali pake. Kitabu kinasema kinahusu Kisanga, na kinakipa Kisanga sarufi yake yenyewe badala ya kukifanya tanbihi katika sarufi ya Kiluba. Hadithi nazo zinaonyesha mtu aliyekaa akasikiliza. Kwa haki, Roland ndiye aliyekitendea Kisanga wema mkubwa zaidi katika maktaba yote ya kikoloni ya Katanga.

Pamoja na hayo, sarufi hiyo lazima isomwe ndani ya mazingira yake. Mwaka ilipotoka, shirika lile lile la Wabenedikto ndilo lililokuwa likisimamia shule za kambi za Union Minière, na katika shule hizo lugha ya Kiafrika iliyotumika ilikuwa Kiswahili. Bila ya kutangazwa, mgawanyo ulikuwa umekwisha kufanyika: Kisanga ni cha kijiji, cha hadithi na cha mambo ya kale, Kiswahili ni cha mji, cha mshahara na cha mambo yajayo. Sarufi ya Roland haikuuumba mgawanyo huo, lakini haikuutilia shaka. Msomaji wake alikusudiwa kuwa mmisionari ajaye, anayejiandaa kwenda kijijini. Msanga mwenyewe aliyekwenda kufanya kazi Panda au Shituru, akaendelea kusema Kisanga nyumbani na Kiswahili kazini, hakuwa ndiye aliyeandikiwa sarufi hiyo. Lakini huyo ndiye babu wa Wasanga wengi wa Likasi ya leo.

5.0 Wanakiswahili na neno athari

Kundi la pili la maandishi ni la wanaisimu wa Kiswahili. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Elisabethville kabla ya uhuru, aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968. Walter Schicho alichunguza sintaksia yake na maigizo ya kundi la Mufwankolo katika miaka ya 1980. Johannes Fabian, katika Language and Colonial Power (1986), alifuatilia namna Kiswahili kilivyoshikwa na utawala wa Kibelgiji kati ya 1880 na 1938. Mwaka 1990 Fabian alitoa historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga.

Kazi hizi zimefanya jambo kubwa. Zimeondoa dhana kwamba Kiswahili cha Katanga ni Kiswahili cha pwani kilichoharibika njiani. Fabian hasa ameonyesha kwamba Kiswahili hakikufika tu na misafara ya wafanyabiashara na kukaa. Kilichaguliwa, kikatungiwa vitabu vidogo vya maneno, kikaingizwa katika mipango ya kazi. Kutoa maandishi ya Yav kama yalivyo, bila ya kuyasahihisha, kulikuwa ni kukiri kwamba Kiswahili hicho kina waandishi wake.

Lakini namna kazi hizi zinavyozitazama lugha nyingine za Katanga inastahili kuhojiwa. Kwa kuwa mada ya Fabian ni Kiswahili na mamlaka, lugha kama Kisanga huonekana zaidi kama zile zilizoachwa kando wakati wa kuchagua. Na katika mkondo ulioanzishwa na Polomé lugha hizo huingia kwa mlango wa neno moja: athari. Kiswahili kikitofautiana na cha Unguja, sababu hutafutwa katika Kiluba, Kibemba au lugha nyingine za Kibantu zilizo jirani. Kila lugha huitwa, hutoa kiambishi kimoja au neno moja, kisha huruhusiwa kuondoka. Mfumo wake mzima haujadiliwi.

Liko pia tatizo la jiografia. Tafiti zilizo nyingi zilifanyika Lubumbashi. Likasi iko yapata kilomita 120 tu kutoka huko, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba lililothibitika Lubumbashi limethibitika Likasi. Lakini mazingira ya lugha hayalingani. Lubumbashi iko karibu na mpaka wa Zambia, katika nchi ya Balamba, na Kibemba kina nguvu huko. Likasi iko katika nchi ya Basanga. Ikiwa neno athari lina maana yoyote, lazima liwe na maana tofauti katika miji hii miwili. Kuyahamisha matokeo ya mji mmoja hadi mwingine bila ya kuyapima ni kuutumia ujirani wa ramani mahali pa hoja.

6.0 Kipimo kimoja: bi-

Ili hoja isibaki katika maneno ya jumla, inafaa kutazama mfano mmoja ambao kila mwanafunzi wa Likasi anaujua. Katika Kiswahili cha mji huu, ngeli ya saba na ya nane ina viambishi ki- na bi-: kintu, bintu, mahali pa kitu na vitu. Ngeli ya pili ina ba-: bantu, batoto. Vitu vidogo hupewa ka- na tu-. Pahali huonyeshwa kwa ku, mu na pa mbele ya nomino, kama katika ku kazi na mu nyumba, badala ya kiambishi -ni. Sifa hizi zote zimo katika Kisanga. Ni rahisi basi kumaliza kazi kwa sentensi moja na kusema kwamba hii ni athari ya Kisanga.

Mtafiti mwangalifu zaidi atauliza kama sifa hizo zimo pia katika lugha nyingine. Ba-, ka- na tu-, pamoja na viambishi vya pahali, zimo katika Kibemba pia, kwa hiyo haziwezi kuthibitisha lolote kuhusu Kisanga peke yake. Bi- inaonekana kuwa ushahidi bora, maana Kibemba husema ifintu, kwa kiambishi chenye f, ilhali Kisanga na Kiluba vina bi-. Hapo Kiswahili cha Likasi kimesimama upande wa Kisanga, na mtu angeweza kufunga mjadala kwa furaha.

Lakini bintu na bantu husemwa pia katika Kiswahili cha Bukavu na Goma, mahali ambapo hakuna Kisanga wala Kiluba. Huko lugha za wenyeji, kama Kishi, nazo zina bi- yake. Kwa hiyo kuna uwezekano wa namna mbili. Yawezekana kila mji ulipata bi- kutoka kwa lugha za nchi yake, na matokeo yakafanana kwa sababu lugha za Kibantu zinafanana. Yawezekana pia kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na bi- kilipoingia Katanga, kikiwa kimeipata njiani, na Kisanga hakikuleta kitu. Kiliikuta tu sifa inayopatana na mazoea ya wasemaji wake na kuiacha ikae. Tofauti baina ya kuleta na kuacha ikae ni kubwa katika historia ya lugha, na kwa hali ilivyo haiwezi kuamuliwa kwa kutazama viambishi hivi.

Kiambishi -ak- cha kuonyesha mazoea, kama katika kutumikaka, kinafunza jambo lile lile. Wako wanaokihusisha na Kilingala, ambacho nacho kina -aka, na wako wanaoona mabaki ya kiambishi cha kale cha Kibantu. Hapa pia orodha ya mfanano haitoshi kutoa hukumu.

Somo la kipimo hiki ni kwamba sifa zinazoshirikiwa na lugha zote za jirani hazina uwezo wa kutenganisha. Panapohitajika ushahidi ni mahali ambapo Kisanga kinatofautiana na majirani wake: katika toni, kwa mfano, ambayo Kisanga kinayo na Kiswahili cha pwani hakina; katika mpangilio wa nyakati za kitenzi; katika msamiati wa ujamaa, wa kilimo cha nchi hii, na wa shaba, ambayo wenyeji waliichimba na kuiyeyusha kabla ya kampuni yoyote kufika. Lakini mambo hayo ndiyo yanayohitaji mtu anayejua Kisanga kizima. Hayawezi kupatikana kwa anayekihitaji shahidi kwa dakika moja. Wanakiswahili, basi, wameshindwa kujibu swali lao wenyewe juu ya Kiswahili kwa sababu hawakutaka kuuliza swali juu ya Kisanga.

Aidha, athari si ya upande mmoja. Kisanga kinachosemwa leo Kikula au Kambove kimepokea maneno ya Kiswahili, na kwa kupitia Kiswahili maneno ya Kifaransa, kwa miaka mia moja. Mwenye kutumia sarufi ya mwaka 1937 kupima Kiswahili cha leo anailinganisha lugha iliyo hai na picha ya babu wa lugha nyingine. Kupima kwa namna hiyo hakuwezi kuwa sahihi hata kama picha yenyewe ilipigwa vizuri.

7.0 Lugha na wenye nchi

Wako watakaouliza kwa nini taaluma ya Kiswahili ijitwishe mzigo huu. Hoja yao ya kwanza ni ya mipaka ya kazi: kila lugha na wataalamu wake. Sehemu iliyotangulia imekwisha kuijibu. Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, nayo husemwa kwa sauti ya chini. Likasi ni mji wa watu waliotoka kila upande, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kuinua lugha ya wenyeji, wanasema, ni kuuliza tena nani mwenyeji na nani mgeni.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1992 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa mji huu huu, walifukuzwa majumbani mwao wakakusanyika katika kituo cha reli na katika shule za Likasi wakingojea gari la kuwaondoa. Maneno yaliyotumika kuwafukuza yalikuwa ya aina hiyo hiyo: wenye nchi na wasio wenye nchi. Hakuna uhakiki wa lugha ya wenyeji wa Likasi unaoweza kuandikwa kwa haki ukaipita habari hiyo kimya.

Lakini inafaa kuangalia kilichotokea. Maneno ya mwaka 1992 hayakuhitaji Kisanga. Yalisemwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, lugha zinazosifiwa kwa kukutanisha watu, na yalitiwa nguvu na siasa na njaa ya kazi wakati Gécamines ilipokuwa ikidhoofika. Lugha ya mawasiliano haikumzuia mtu kumfukuza jirani yake. Wala ujinga wa lugha ya wenyeji haukumlinda aliyefukuzwa. Aidha historia ya Bunkeya, kama ilivyoelezwa juu, inaonyesha kinyume cha hofu hiyo: Kisanga ni lugha iliyowahi kuwapokea wageni waliotoka mbali kabisa, tena wageni waliokuwa watawala, ikawafanya watoto wao kuwa wasemaji wake. Anayetaka kukitumia Kisanga kama ukuta anakwenda kinyume cha historia ya Kisanga chenyewe. Hoja hiyo haiwezi kutolewa na mtu asiyeijua lugha wala historia yake, na hapo ndipo ukimya wa wasomi unapowaachia nafasi wale wenye nia nyingine.

Liko pia swali la shule, ambalo ni la sasa. Katiba ya mwaka 2006 inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inasema kwamba lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wa utamaduni ambao dola inapaswa kuulinda. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa au kwa lugha za mazingira. Katika mji wa Likasi tafsiri ya lugha ya mazingira haina ugumu: ni Kiswahili, na mtoto wa mjini hana hasara. Katika vijiji vya nje ya mji swali ni gumu zaidi. Mtoto anayeingia darasa la kwanza akiwa na Kisanga huhesabiwa kuwa anajua Kiswahili kwa sababu anaishi Haut-Katanga. Akikosea, kosa lake huandikwa kuwa kosa la Kiswahili, na mwalimu hana chombo cha kumwonyesha kwamba mtoto amefuata kanuni ya lugha nyingine kwa usahihi. Lugha ya mazingira haiwezi kuamuliwa kwa mpaka wa mkoa. Inaamuliwa kwa kusikiliza, na anayesikiliza lazima ajue anachokisikia.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Kisanga hakikosi vitabu. Kina Biblia, kina sarufi, kina hadithi, kina namba katika mpangilio wa Guthrie. Kilichokosekana ni kitabu ambacho Kisanga si njia ya kufikia jambo jingine. Crawford alikihitaji kwa ajili ya Injili. Roland, aliyekisikiliza kuliko wengine, alikihitaji kwa ajili ya kijiji alichodhani kimetengana na mji. Wanakiswahili wanakihitaji kwa ajili ya neno athari.

Kazi zilizo mbele si za kutisha, na nyingi zinaweza kufanywa na wanafunzi kwa daftari na kinasa sauti. Ya kwanza ni kukusanya Kisanga cha mjini, katika mitaa ya Likasi, na kukichapisha kama kilivyo, kwa uangalifu ule ambao Fabian aliutumia kwa maandishi ya Yav. Ya pili ni kuzisoma upya hadithi za Roland pamoja na wazee wanaozijua, ili ionekane zipi zimebadilika na zipi zimesahauliwa. Ya tatu ni kukipima Kiswahili cha Likasi dhidi ya Kisanga hicho cha leo, si dhidi ya sarufi ya mwaka 1937 wala dhidi ya matokeo ya Lubumbashi.

Chuo kinachofundisha Kiswahili katika nchi ya Basanga kina nafasi ambayo chuo cha Dar es Salaam au cha Nairobi hakina: lugha inayodaiwa kukiathiri Kiswahili chake inasemwa umbali wa mwendo wa miguu kutoka darasani. Wakati nafasi hiyo haijatumika, wasemaji wenye umri mkubwa wanapungua mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi wa Likasi atakayeulizwa siku moja maana ya kisanga anapaswa kuweza kutoa maana zote mbili, na kueleza ile ya pili kwa lugha yenyewe.